Mzee Aliyeomba Neno la Siri

Mwaka 2009 nilikuwa na kazi ambayo watu wa mtaa wetu wa Chanika, hapa Handeni, hawakuielewa. Asubuhi nilifagia uwanja, nikampa mama uji, nikamsogeza kwenye kiti chake karibu na mlango, kisha nikaingia chumbani na kufungua laptopu. Majirani walisikia vidole vyangu vikigonga wakadhani nacheza. Mmoja alimuuliza mama, "Huyu Faudhia wako ameajiriwa au anajifungia tu?"

Mama akamjibu, "Ameajiriwa kujifungia."

Ilikuwa kweli. Mimi ni mtu wa haya. Niliacha shule darasa la tano mama alipopooza mguu, na hata kabla ya hapo mwalimu akiniita mbele ya ubao sauti ilinikauka. Kuchapa nilijifunza kwa mjomba Muhidini, mwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Handeni. Nilianza kwa kufagia dukani huku namtazama anavyochapa barua za watu. Siku moja jino likamuuma, akaniachia kiti. Baada ya mwaka nilikuwa nachapa bila kutazama vitufe. Shida ilikuwa wateja. Wakisimama nyuma yangu na kusema "andika hivi, futa pale," nilichapa makosa matupu.

Kwa hiyo mradi wa chanjo ya ng'ombe ulipotafuta watu wa kuchapa wakiwa majumbani kwao, mjomba alipeleka jina langu Korogwe kabla hajaniuliza. Kule nyikani kina mama wa kifugaji waliojua kuandika walipewa madaftari. Waliandika boma ni la nani, lina ng'ombe wangapi, wamechanjwa lini, na kama wamehamishwa, wamehamia malisho gani. Siku ya mnada madaftari yaliletwa mjini, nami nikayachapa na kuyatuma kwa modemu ndogo iliyochomekwa ubavuni mwa laptopu. Tulikuwa wachapaji saba, kila mmoja kwake. Orodha yote ilikaa kwenye kompyuta kubwa ya ofisi ya Korogwe, na kila mchapaji alikuwa na neno lake la siri la kuifungua.

Mkubwa wetu, Mama Yuditha, alituambia wazi siku ya kutukabidhi mashine. "Nawaamini. Lakini siku mambo yakiharibika, laptopu zote zinarudi hapa, na anayetaka kazi atakuja kuketi ofisini nikimwona."

Mimi nilielewa maana yake. Nani angemsogezea mama kiti? Na mimi mwenyewe ningewezaje kukaa chumba kimoja na watu sita kutwa nzima?

Ezra, kijana wa kifugaji aliyekuwa fundi wa kompyuta pale ofisini, alitupa kila mtu karatasi yenye herufi kubwa: USIMWAMBIE MTU YEYOTE NENO LAKO LA SIRI. Niliibandika ukutani juu ya meza kwa uji wa muhogo. Nilikuwa naisoma kila siku.

Simu ilipigwa Alhamisi saa nane mchana.

"Hujambo, mwanangu?" Ilikuwa sauti nzito ya mtu mzima, yenye kukwaruza kidogo.

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba sana. Mimi Mzee Semboja wa makao makuu ya mradi, Dar es Salaam. Mnaendeleaje huko Handeni? Mvua imewafikia?"

Nilimwambia mvua ilikuwa ya kusuasua. Akasikitika. Akauliza mahindi yamefika wapi. Akauliza mama hajambo. Nikamweleza habari za mguu, akasema alimuuguza mama yake mzazi miaka minne na anajua uzito wake. Akanipa dawa ya kuchua, majani ya mkaratusi yaliyochemshwa. Tukaenda hivyo kama dakika tano, nami nilikuwa nimeshafurahi, maana watu wa ofisini hawaniulizi habari za mama.

"Sasa mwanangu," akasema, "kuna wezi wanaingia kwenye kompyuta za watu. Nimekesha na vijana hapa tunawafungia milango. Mlango wako ndio umebaki. Hebu nisomee neno lako la siri nikufungie."

Karatasi ya Ezra ilikuwa mbele ya macho yangu. Niliitazama, nami nasema kweli, haikunijia kwamba inamhusu yeye. Mtu yeyote, kwa akili yangu, alikuwa kijana wa stendi, mteja wa mjomba, jirani mdadisi. Mzee aliyekwisha kuniitikia marahaba na kunipa dawa ya mama hakuwa mtu yeyote. Ningeanzia wapi kumwambia hapana?

"Kisamvu sabini na saba," nikasema.

Akacheka. "Kisamvu! Mwanangu, umenitamanisha. Haya, msalimie mama."

Niliendelea kuchapa. Kabla ya robo saa kupita mashine ikanitoa nje. Nikaandika kisamvu77, ikakataa. Nikaandika tena polepole, herufi moja moja. Ikakataa. Ilipokataa mara ya tatu nikajua aliyenifungia mlango ni nani.

Mtu wa kwanza niliyempigia ni Ezra, kwa sababu alikuwa rika langu na sikumwogopa sana. Nyuma ya sauti yake nilisikia honi za mabasi na watu wakinadi mayai.

"Niko Mombo, nasubiri gari la Lushoto," alisema. "Nini, Faudhia? Leo umepiga mwenyewe, kuna msiba?"

Nikamweleza. Aliacha kutafuna.

"Umempa lini?"

"Sasa hivi. Robo saa."

"Sikiliza. Mpigie Mama Yuditha. Mwambie achomoe waya wa bluu nyuma ya kompyuta kubwa. Akichomoa huo, aliye ndani anabaki nje. Haraka. Mimi chaji yangu inai—" Sauti ikakatika.

Mama Yuditha nilikuwa namwandikia ujumbe tu, hata kumwambia naumwa. Sasa nilitakiwa niongee kwa mdomo, na jambo lenyewe ndilo lile lililoweza kuniondolea kazi. Nilitazama simu. Nikafikiri: nikinyamaza, atajuaje kama ni mimi? Halafu nikatazama daftari lililokuwa wazi mezani, la Naserian, mwandishi wa maboma ya upande wa nyika. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: *Boma la Loishiye. Ng'ombe mia na arobaini. Wamehamia bondeni. Wanaume wote wamekwenda kwenye sherehe, wamebaki wanawake na wazee.* Nilikuwa nimeyachapa na kuyatuma asubuhi ile ile. Loishiye alikuwa mume wa Naserian.

Nikapiga.

"Mama, shikamoo. Ni Faudhia. Nimekosea. Nimempa mtu neno la siri na yuko ndani ya orodha. Ezra anasema chomoa waya wa bluu nyuma ya kompyuta kubwa."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Nikasikia kiti kikiburuzwa.

"Ngoja niiname," alisema Mama Yuditha. Alikuwa mtu wa mwili. "Bluu? Huku chini zote zina vumbi. Huu hapa. Nimechomoa."

"Mtandao umekatika?"

"Feni imezima."

"Siyo huo, mama!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Hata mama yangu aligeuka pale mlangoni. Upande wa pili nikasikia kupangusa, kupiga chafya, kisha Mama Yuditha akasema, "Huu sasa. Taa ya kijani imekufa."

Nikasikia akirudi kitini. Mwishowe akasema, "Jumanne uje Korogwe. Wote mje." Akakata.

Ezra aliacha gari la Lushoto akarudi Korogwe jioni ile ile. Alipochungulia kompyuta aliona mtu yule alikuwa amefungua kurasa tatu tu kabla waya haujachomolewa, na zote tatu ni za maboma ya bondeni. Mama Yuditha alikwenda polisi na namba ya simu, lakini siku zile laini zilinunuliwa kama karanga, hakuna aliyeandikwa jina. Mimi nilibakiwa na kazi ya kumwambia Naserian.

Alikuwa mjini siku ya pili yake, amekuja kusaga. Nilimkuta mashineni, shuka lake jekundu limepauka kwa unga. Nikamweleza nikitazama ndoo.

"Ngoja nielewe," alisema. "Umempa ng'ombe zangu kwa sababu aliitikia marahaba?"

"Aliuliza na habari za mama."

"Wewe ndito, msichana wewe! Angeuliza na habari za kuku ungempa na mbuzi?" Akacheka mpaka mwenye mashine akazima injini kusikiliza. Kisha akaacha kucheka, akafunga ndoo yake nusu haijasagwa, akaomba simu yangu. Aliongea Kimaasai kwa ukali, na sikuelewa ila jina la Loishiye, alilolitaja mara nyingi.

Wanaume waliacha sherehe wakarudi. Jumamosi alfajiri lori tupu lenye turubai lilionekana likiingia njia ya bondeni. Lilikuta vijana kama ishirini wamesimama na fimbo zao katikati ya njia. Dereva aliuliza njia ya kwenda Mkata. Akaonyeshwa. Akageuza. Labda alikuwa amepotea kweli, sijui, lakini Naserian alisema mtu aliyepotea hageuzi lori haraka hivyo.

Jumanne nikaenda Korogwe. Njiani nilikuwa nimeshaanza kupanga nani atampikia mama uji asubuhi kama mashine itachukuliwa, na mjomba kama atanirudishia kiti changu dukani.

Ofisini tuliketi saba kwenye mabenchi. Laptopu zetu zilikuwa zimepangwa mezani mbele ya Mama Yuditha, maana alituagiza tuzibebe, na hilo lilitosha kunieleza alichokusudia.

"Sitataja aliyetoa neno lake," alianza. "Mimi nimeshaamua kwamba kazi ya nyumbani haiwezekani. Wezi hawa wanatafuta mtu aliye peke yake. Mkiwa hapa, mtu akipiga simu, mtanigeukia mimi."

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Miguu tu ilisimama. "Ni mimi niliyetoa," nikasema, nikaketi tena.

Kisha Bi Hamisa wa Mnyuzi, mtu mzima kuliko sisi sote, mke wa mkulima wa mahindi kando ya reli, akakohoa.

"Na mimi," alisema. "Wiki iliyopita. Bahati tu, labda mtandao ulimsumbua akashindwa kuingia. Mimi nilimpa, na nikamwombea dua."

Mwingine wa Mombo akainua kidole kidogo tu, akakishusha.

Ezra alishika kichwa. "Lakini niliwaandikia! Mtu yeyote! Kwa herufi kubwa!"

"Mwanangu Ezra," alisema Bi Hamisa, "mzee siyo mtu yeyote."

"Basi mkatieni simu."

"Nimkatie simu mtu mzima aliyeniulizia wajukuu kwa majina? Wewe mama yako alikulea hivyo? Tumpigie tumuulize?"

Watu wakacheka, hata Ezra. Mama Yuditha hakucheka. Alikuwa ameweka mkono wake juu ya laptopu iliyokuwa karibu, na ilikuwa ya kwangu, naijua kwa kovu la kikombe cha chai.

Nikaona kwamba kama hakuna atakayesema kitu, ule mkono hautaondoka. Nikasema nikitazama sakafu.

"Mama yangu huwekewa vitu na majirani. Vitenge, vyombo vya shughuli. Mtu akija kuazima, hata awe mzee wa heshima, mama hamwambii hapana. Humwambia, siyo changu, nimewekewa, ngoja nimuulize mwenyewe. Sijaona mzee aliyekasirika. Wanajua amana."

"Endelea," alisema Mama Yuditha.

"Sisi tunaambiwa neno ni letu. Kitu chako mwenyewe, mzee akikiomba, utamnyimaje? Lakini kama neno ni la Mama Yuditha, sisi tumewekewa tu, tutamwamkia, tutamwambia habari zote, na tutamwambia hili ni la mama, tunamuuliza kwanza."

"Hapo sijaona uchoyo," alisema Bi Hamisa.

Ezra aliinama mbele. "Na mkimuuliza, mnapiga namba ipi? Mwizi akikwambia, huyu hapa Mama Yuditha, ongea naye?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Namba niliyonayo mimi tangu mwanzo. Siyo atakayonipa yeye."

"Ndiyo," alisema Ezra polepole. "Ndiyo. Hata mimi nikiwapigia."

"Hata wewe?" nikamuuliza.

"Hasa mimi. Mwizi akishajua jina langu atakuja kwa jina langu."

Mama Yuditha alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa. Alisema atatupa mwezi mmoja wa majaribio, mashine zikiwa kwetu. Kila mtu akabadilishiwa neno, na neno jipya Mama Yuditha aliliandika kwa mkono wake kwenye karatasi, akatukabidhi mmoja mmoja akisema, "Hili ni langu, nitunzie." Bi Hamisa alilipokea kwa mikono miwili. Mimi nilibeba laptopu yangu kurudi Handeni nikiwa nimeipakata njia nzima, wala sikuiweka chini hata nilipokunywa maji.

Mwezi ule nilichapa vizuri, lakini simu ikilia nilishtuka. Haikuwa yeye. Alikuwa mjomba, au Naserian akinitania, "Shikamoo mwanangu, nipe ng'ombe." Wiki ya tatu akapiga Bi Hamisa, anacheka hata hawezi kusema.

"Amepiga! Leo anajiita Mzee mwingine, lakini kukwaruza ni kule kule. Nimemwamkia. Nimemweleza mahindi, nimemweleza kifua cha mume wangu, nimemweleza harusi ya mjukuu tangu posa. Vocha ni yake, nina haraka gani? Alipofika kwenye neno nikamwambia, baba, hilo nimewekewa na Mama Yuditha, ngoja nimuulize. Akasema hakuna haja, atakasirika bure. Nikamwambia, hakasiriki, ni mwanamke mwema, Msambaa wa watu. Akasema basi nikupe namba yake mpya umpigie. Nikamwambia ya zamani inatosha."

"Akasemaje?"

"Akanitukana! Mzee mzima, Faudhia, akanitukana tusi la makuli. Nikamwambia, na wewe pia, msalimie mama. Nikampigia Yuditha hapo hapo."

Siku mwezi ulipokwisha nilikuwa naosha vyombo. Ujumbe wa Mama Yuditha ulikuwa mfupi: *Mashine zibaki kwenu. Wachapaji wawili wapya wanaanza Jumatatu, utawaeleza habari ya amana wewe, kwa simu, mmoja mmoja. Najua hupendi watu wengi.*

Nikamsomea mama. Aliniambia nirudie pale pa mashine zibaki, nikarudia. Akatazama barabara, lori la mkaa lilikuwa linapita na vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye sufuria.

"Kama inabaki," alisema, "basi tuishonee mfuniko. Hivi hivi itakufa kwa vumbi, na hapo hakuna mwizi wa kumsingizia."

Nikaenda kutafuta kitambaa.